Mama Theonest, Mtendaji Ambaye Hakuarifiwa

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Asteria Kokugonza, Afisa Mtendaji wa Kata ya Bulyanshimba, anastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na minne. Aliyeombwa kuandika wasifu wake kwa ajili ya kijitabu hiki cha sherehe ni mimi, Boaz Luhende, Afisa Afya wa kata hiyo hiyo, niliyekaa naye miaka kumi na mitatu katika ofisi yenye mlango mmoja na feni mbovu. Kamati ya maandalizi imenipa sharti: kurasa ziwe chache na maneno yawe ya furaha. Furaha ninayo, kwa sababu mama huyu ninampenda. Hasira pia ninayo, na kamati haikusema niiache nyumbani.

Bi. Asteria, ambaye kata nzima inamwita Mama Theonest kwa jina la mwanawe wa kwanza, alizaliwa Muleba na kuajiriwa mwaka 1991 mjini Shinyanga, idara ya maendeleo ya jamii. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzunguka kwa baiskeli akiwafundisha akina mama kujenga majiko yasiyokula kuni nyingi. Hakujua neno moja la Kisukuma. Anasimulia mwenyewe kwamba kwa mwezi mzima aliwaamkia watu "mwangaluka" jioni, nao wakamwitikia kwa adabu zote hadi bibi mmoja alipomwonea huruma na kumweleza kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi. Kutoka Shinyanga alihamishiwa Kahama, na mwaka 2008 akateuliwa kuwa Mtendaji wa Kata ya Bulyanshimba. Miaka minne baadaye mipaka ilibadilishwa, akalala Mkoa wa Shinyanga akaamka Mkoa wa Geita bila kusogeza kitanda. Anapenda kusema kwamba hata hilo alilisikia redioni.

Wanaomfahamu wanajua tabia zake. Hanywi chai yenye sukari na hamwelewi anayeinywa. Kwenye droo ya meza yake huwa na kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, kutoka kwao, na kila mwaka hugombana na mwizi wa senene hao, ambaye sitamtaja kwa kuwa anaandika wasifu huu. Ni mbishi. Akishika jambo haliachi, na akilisema analisema mbele yako, kwa sauti ambayo hata mlinzi wa getini ataisikia. Kikao alichohudhuria Mama Theonest hakikuwahi kuisha kabla ya muda, lakini pia hakikuwahi kuisha bila mtu kujua ametakiwa afanye nini.

Chini ya uongozi wake kata ilijenga zahanati, ikapata madarasa mapya katika shule mbili, na ugomvi wa mipaka ya malisho uliokuwa ukirudi kila kiangazi ukamalizwa kwa mkutano mmoja mrefu sana. Hayo yote mtayasikia kwenye hotuba, kwa kuwa ni mambo ambayo kila ofisi inafurahi kujigawia. Mimi nitaeleza lile ambalo hakuna anayeligombania.

Mtazameni kwenye picha ya jalada. Ile miwani myeusi si mapozi ya siku ya kupiga picha. Anaivaa tangu mwaka 2019, kwa sababu jicho lake la kulia halistahimili jua. Vijana wa stendi wanamwita Mama Miwani, naye huwaitikia. Sababu ya miwani hiyo ndiyo sababu ya onyo la maandishi lililo kwenye faili lake, na onyo hilo ndilo linalonifanya niandike kwa mkono mzito. Mtumishi huyu anaondoka kesho kutwa, na faili lake bado linasema kwamba ni mzushi.

Karibu na kata yetu kuna mgodi. Jina la kampuni sitalitaja, maana mwanasheria wake ni mwepesi wa kalamu. Kwenye mabomba yanayopitisha tope la mawe yaliyosagwa, mgodi ulikuwa umefunga vipimo vyenye chanzo cha mionzi ndani yake. Ni kipande cha chuma kidogo kuliko kidole, kilichofungiwa kwenye kasha zito lililojaa risasi, yale madini laini yanayozuia mionzi isitoke. Kikiwa ndani ya kasha hakina shida na mtu. Kikitoka nje ya kasha ni jambo jingine kabisa, na mgodi ulilijua hilo tangu siku ulipokifunga.

Mwaka ule mkandarasi mmoja alipewa kazi ya kung'oa mabomba ya zamani. Aliyang'oa pamoja na kipimo kimoja, akauza vyote kama chuma chakavu, na mzigo ukafika kwenye uwanja wa Masudi pale kijiji cha Ng'wandubi. Masudi ni mtu wa Kigoma, ameoa kwetu, na uwanja wake uko mita chache kutoka kwenye bomba la maji, mkabala na mahali akina mama wanapoanika mpunga. Alipoona kasha zito alifurahi, kwa kuwa wavuvi wa Nkome huwa wanamwagiza risasi za kufunga kwenye nyavu ili zizame. Alilipasua kwa nyundo na patasi. Kile kipande kidogo kilichobaki alikiona kinang'aa, akakitia mfukoni, baadaye akakiweka kwenye kikopo juu ya meza yake ya kazi.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi wa meza kuu. Mgodi uligundua siku ile ile kwamba kipimo hakipo. Leseni yake ya kutumia vifaa hivyo ilikuwa na masharti, na mpango wake wa dharura, ambao baadaye tuliusoma kwa macho yetu, ulisema waziwazi kwamba chanzo cha mionzi kikipotea au kikivuja, Tume inayosimamia mionzi iarifiwe na mamlaka za eneo husika ziarifiwe, zote mara moja. Haukusema mgodi ukipata nafasi. Mgodi uliiarifu Tume. Kisha ukatuma barua pepe ya Kiingereza kwenye ofisi ya wilaya, ukahesabu kwamba sharti limetimizwa. Huko wilayani barua ilichapishwa, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na kuwekwa kwenye faili. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa. Kijiji hakikuambiwa. Kata haikuambiwa. Wiki nzima ikapita hivyo.

Katika wiki hiyo akina mama waliteka maji na kuanua mpunga. Mkono wa Masudi ulivimba, ukaiva, ngozi ikaanza kuchubuka kama ya mtu aliyeshika sufuria jikoni, na zahanati yetu ikampa dawa ya kuungua, kwa kuwa ndivyo alivyoonekana na hakuna aliyetueleza vinginevyo. Taarifa ya mistari mitatu, kwa Kiswahili, ingetosha. Ninaandika miaka sita baadaye na hasira bado ni ile ile ninapofika hapa.

Aliyemwarifu Mtendaji wa Kata hatimaye hakuwa mgodi wala wilaya. Alikuwa Violeth, muuza uji wa ng'ambo ya barabara. Alipiga simu kueleza kwamba kuna watu wamevaa nguo nyeupe hadi usoni, wanazunguka uwanja wa Masudi na mashine inayolia, na walipoulizwa walijibu kwamba ni zoezi tu, watu waendelee na shughuli zao. Mama Theonest aliacha chai yake isiyo na sukari mezani, akapanda pikipiki nyuma yangu, tukaenda.

Pale uwanjani afisa usalama wa mgodi alituzuia kwa mkono. Alikuwa kijana mstaarabu, aliamkia shikamoo, akasema mama asiwe na wasiwasi kwani mamlaka zote zimeshaarifiwa.

"Marahaba," akajibu Mama Theonest. "Mamlaka ya hapa ni mimi. Nani ameniarifu?"

Swali hilo halijajibiwa hadi leo. Kwa sheria za nchi hii kijiji si kundi la nyumba tu. Kina halmashauri yake, kina mwenyekiti na muhuri, ni mamlaka ya serikali za mitaa, tena ndiyo iliyo karibu na tukio kuliko nyingine zote. Anayeiruka akaenda kuandikia ofisi iliyo safari ya nusu siku hajaarifu eneo husika. Ameandika barua tu.

Alipobanwa, kijana alieleza kwamba kipande bado hakijaonekana na kwamba watu wasivuke barabara. Mama Theonest akamgeukia Jilala, kamanda wa sungusungu, ulinzi wa jadi wa Ng'wandubi, aliyekuwa amefika na fimbo yake, akamwambia watu wote waambiwe upesi kwamba hapa pana hatari.

Hapo ndipo yeye mwenyewe alipokosea, na huwa anakubali bila kuzunguka. Miaka yote ile na sisi Wasukuma, akasahau kitu kimoja. Kamanda wa sungusungu akiambiwa awajulishe watu upesi kwamba pana hatari, anapiga mwano. Na mwano kwetu ni yowe la kuita. Ukiusikia huulizi, unashika fimbo au upinde na kukimbilia kule unakotokea, maana kuna mwizi wa ng'ombe au nyumba inaungua, na asiyetokea ataitwa kujieleza mbele ya wenzake. Jilala alisimama kando ya barabara mbele ya uwanja wa Masudi, akavuta pumzi, akaupiga mwano kama alivyofundishwa na baba yake. Wengine wakaupokea shambani na kwenye malisho.

Ng'wandubi nzima ikaja mbio. Wanaume walikuja na pinde, wanawake na mipini ya majembe, na vumbi likatangulia. Wote walikuwa wanaelekea pale pale ambapo hawakutakiwa kufika. Mama Theonest alimgeukia kamanda kwa macho makali, naye akamwita mama kwa Kisukuma na kujibu kwa utulivu wa mtu aliyetekeleza amri.

"Mayu, ulisema watu waambiwe. Nimewaambia."

Mama alipaza sauti hadi ikakauka. Nani atasikia sauti ya mtu mmoja katikati ya mwano? Alinyoosha mikono barabarani, wakawa wanampita pembeni. Ndipo akakumbuka mwaka ambao homa ya mapafu ilipita kwenye ng'ombe wa kata yetu. Wafugaji wa huku walikuwa na desturi yao: boma lenye ugonjwa lililazwa matawi ya mnyaa, ule mti wa utomvu mkali, njiani, na aliyeyaona aligeuza mifugo yake bila kuuliza. Mnyaa ukilala njiani, njia imefungwa. Uzio wa Violeth ulikuwa wa minyaa mitupu. Mama Theonest akauvamia kwa mikono, akavunja matawi akiyatupa kukatiza barabara, mimi nikimsaidia, utomvu ukimrukia usoni.

Mtu wa kwanza alikuwa na mshale tayari kwenye upinde. Alifika kwenye matawi akasimama. Aliyemfuata akamgonga mgongoni, naye akasimama. Kisha barabara yote ikasimama, watu wanahema, wanaitazama minyaa, wanamtazama Mtendaji wao aliyefumba jicho moja huku machozi yakimtiririka. Alitumia pumzi iliyobaki kuwaeleza kwa Kisukuma chake chenye lafudhi ya Muleba kwamba kuna sumu isiyoonekana, kwamba wageni wale wanaitafuta, na kwamba walitakiwa kuambiwa wiki iliyopita. Hakuna aliyevuka. Kipande kilipatikana kwenye kikopo juu ya meza kabla jua halijazama, kikarudishwa kwenye kasha. Wataalamu waliwapima watu, na mbali ya Masudi hakuna aliyeonekana kudhurika. Masudi alikatwa vidole viwili katika hospitali ya rufaa. Utomvu wa mnyaa, nao, ulilila jicho la Mama Theonest hadi leo.

Mtadhani alipewa cheti. Alipewa onyo. Mwezi uliofuata ofisi ya wilaya ilimwandikia kwamba amezua taharuki na ametoa taarifa nje ya utaratibu. Huo utaratibu ndio ule uliokuwa umelala kwenye faili kwa wiki nzima. Mgodi ulitoa tamko kwamba ulitimiza matakwa yote ya kisheria. Mkandarasi akapata kazi nyingine. Kati ya wote waliohusika, aliyeadhibiwa ni yule aliyewaambia watu. Nimetafuta neno la upole la kuliita jambo hili, nimelikosa. Ni dhuluma.

Alikata rufaa, na kila mkurugenzi mpya alipokuja alikata tena. Mwaka juzi akaitwa, akaambiwa kwa lugha nzuri kwamba akiandika tu mistari miwili ya kuomba radhi, onyo litaondolewa na atastaafu na faili safi. Mimi nilimsihi akubali. Nilimwambia amechoka, jicho linauma, yanini kubishana na karatasi?

"Nikiomba radhi," akaniambia, "atakayekuja baada yangu akiona hatari atanyamaza kwanza, aulize kama ameruhusiwa kusema."

Hakuandika. Tangu siku hiyo sikumsihi tena.

Alichofanya badala yake ni kuitisha mikutano katika kila kijiji cha kata na kukubaliana na wananchi jambo jepesi. Hatari ya kukimbilia itapigiwa mwano. Hatari ya kukimbia italazwa mnyaa, na wapiga mbiu wapite nyumba kwa nyumba bila kupiga yowe. Alimwita pia meneja wa mgodi, akamkalisha kwenye benchi mbele ya mkutano wa Ng'wandubi, akamtaka aandike namba ya simu ya mtendaji wa kijiji na kuisoma kwa sauti. Meneja aliisoma. Mwaka jana lori lililobeba sianidi, sumu ya kuchenjulia dhahabu, lilipopinduka kwenye barabara ya Kahama, simu ya kijiji iliita kabla ya simu ya wilaya, minyaa ikalazwa, na mabwawa ya kunyweshea ng'ombe yakafungwa kwa wakati. Hakuna aliyeugua, hata ng'ombe mmoja. Kwenye taarifa ya robo mwaka, sifa zikaenda kwa "ushirikiano mzuri wa wadau". Mdau mmoja alicheka hadi akavua miwani kujifuta.

Mheshimiwa Mkurugenzi, wewe ni mgeni kwetu na onyo lile hukuliandika. Utakuwa umekaa meza kuu, hatua chache kutoka kwake, na kalamu utakuwa nayo maana kuna vyeti vya kutia saini. Uliahidi kulitazama. Muda wa kulitazama unaishia siku ya sherehe, kwa sababu baada ya hapo faili linafungwa na kupelekwa stoo kama lilivyo. Hatuombi umpe tuzo. Tunaomba ufute kosa ambalo hakulifanya, na ufute bila mistari miwili.

Kwa Mama Theonest mwenyewe, ahsante. Ahsante kwa zahanati, na kwa kunifundisha kunywa chai chungu. Ahsante kwa kubisha siku ambazo sisi wengine tulitaka kwenda nyumbani. Masudi ameniomba niandike kwamba anakushukuru kwa vidole vinane vilivyobaki, na kwamba maneno hayo niyaache kama alivyoyasema.

Limebaki jambo moja la maandalizi. Taarifa ya sherehe hii ilipelekwa mkoani na wilayani, ikapelekwa kwa wabia wa maendeleo, ikapelekwa na mgodini, ambako wamethibitisha meza nzima. Nilipopitia waalikwa sikuiona Ng'wandubi. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba mamlaka zote zimeshaarifiwa.

Kwa hiyo nimeenda kuwaarifu mimi, kwa mdomo, kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Wanakuja wote. Jilala aliniuliza swali moja tu, kama safari hii apige mwano au alaze mnyaa, nikamwambia apige mwano. Waheshimiwa wageni, mkilisikia yowe nje ya ukumbi wakati wa kukata keki na mkaona watu wanaingia mbio bila kadi, tafadhali msitaharuki. Wamesikia alipo Mtendaji wao, wanamkimbilia.

Nenda salama Muleba, Mama Theonest. Uishi vizuri, jicho lipone, na senene wako wasiibiwe tena. Likitokea lolote huku, utaarifiwa wa kwanza.